Miguu Chini ya Wavu

Osea Simwinga alikuwa mtumishi wa kizuizi cha mbung'o kilichowekwa barabarani karibu na Tunduma. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kila lori lililosimama, akiwa na kiwavu chenye mpini, ili kuwanasa wadudu hao kabla hawajaingia katika nchi ya ng'ombe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilizidi kidogo mikono ya koti alilopewa na serikali. Watu wa Tunduma walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, hakukuwa na mzuiaji wa mpira wa wavu aliyemfikia kati ya Mbozi na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. La pili, alikuwa na mke na mtoto ambao hawakukaa kwake. Mambo hayo yote yalikuwa na chanzo kimoja, nacho ni mama mkwe wake.

Kwa desturi ya Wanamwanga wa zama hizo, mwanamume aliyeoa hakutazamana na mama mkwe wake, hakusema naye, wala hakumpa kitu mkononi, mpaka siku ambayo mama mwenyewe angemwita na kupokea kutoka kwake jembe jipya, mkono kwa mkono. Siku hiyo iliitwa siku ya kufungua njia. Kabla ya hapo, mkwe aliyekutana na mama huyo njiani alipaswa kuacha njia na kuingia majanini. Hakuruhusiwa kukimbia, kwa sababu kukimbia ni kusema kwamba mama wa watu ni mnyama mkali. Hakuruhusiwa kugeuza mgongo, kwa sababu hiyo ni dharau. Hakuruhusiwa kuinua uso. Mtu aliyekatazwa kukimbia, kugeuka na kutazama mbele hubakiwa na mwendo mmoja tu, nao ni wa ubavu: mguu mmoja unatoka, wa pili unaufuata bila kuupita, magoti yamelegea, macho yako chini. Na kwa kuwa njia za Chitete, kijiji cha mama mkwe wake, zilikuwa nyembamba na zenye kona nyingi, mkwe mwenye adabu alilazimika kujua mapema mama atapita upande gani. Alijua kwa kutazama miguu yake.

Osea alikuwa na adabu nyingi. Tangu siku ya posa hakuwahi kuuona uso wa Mama Ketrina, mjane wa Chitete aliyemzaa mkewe Leah, lakini miguu yake aliijua vizuri. Wa kushoto ulitazama nje kidogo, na juu ya kifundo chake palikuwa na kovu lenye umbo la mbegu ya boga. Hata katika mikutano ya kanisa, ambako ilihubiriwa kwamba sisi sote ni ndugu, Osea alikuwa ndugu wa nyuma ya nguzo.

Siku ya kufungua njia iliwahi kupangwa, mwaka 1953, baada ya mavuno ya ulezi. Mama Ketrina alituma neno, Osea akanunua jembe na kulitia mpini wa mti mgumu. Asubuhi ya siku yenyewe ikatoka amri kwamba watumishi wote wa kizuizi wabaki kazini, kwa kuwa mbung'o alikuwa ameonekana ndani ya lori la unga. Osea hakuthubutu kuiacha kazi ya serikali, wala hakuthubutu kumfanya mama angoje bure. Akamkabidhi jembe Osward, dereva wa lori la duka, aliyekuwa akienda Chitete kuchukua ulezi.

"Mwambie mama kwamba limetoka kwangu," alisema.

"Atajua tu," alijibu Osward. "Kwani mimi nina sura ya mkwe wa mtu?"

Osward alifika, akamkuta mama uani, akampigia goti na kumpa jembe kwa mikono miwili, kwa kuwa naye alikuwa amelelewa vizuri. Hapo ndipo kosa lilipokamilika. Mama Ketrina alilipokea, akaligeuza huku na huku, akauliza:

"Jembe zuri. Nimelipokea mkononi mwa nani?"

"Mwangu, mama."

"Basi njia imefunguka kwako. Karibu ndani, mkwe."

Tangu siku hiyo Osward alikula nyumbani kwa Mama Ketrina kila lori lilipokwenda Chitete, akaongea naye uso kwa uso mambo ya mvua na ya bei ya chumvi, na Osea akaendelea kuingia majanini. Kutoa jembe la pili hakukuwezekana. Wazee walieleza kwamba anayetoa jembe la pili anakiri kuwa la kwanza lilikuwa bovu, nalo halikuwa bovu. Lilikuwa linalima.

Mwaka uliofuata Leah alipata mimba, akaenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyopasa kwa mtoto wa kwanza. Alizaa msichana, wakamwita Aida. Ulipofika wakati wa kurudi Tunduma, Mama Ketrina hakumzuia mtu. Alisema tu kwamba binti hurudi kwa mumewe kwa njia iliyofunguka, na njia ya Osea haijafunguka. Osea alituma maombi kwa mlamu wake Yonasi, kaka yake Leah, na kila mara jibu lilirudi lilelile. Aliambiwa kwamba Aida ameota meno. Baadaye aliambiwa kwamba Aida anatambaa. Aliyemwambia ni Osward, ambaye alikuwa amembeba.

Mchezo wa wavu uliletwa Tunduma na Mwalimu Fanueli Nzunda, Mnyiha wa Mbozi, aliyerudi kutoka chuo cha ualimu na mpira mmoja, kijitabu cha sheria, na imani kwamba mchezo hufundishika kama hesabu. Aliwakusanya wenye viatu na wasio na viatu, akafunga wavu nyuma ya shule, na kwa muda mrefu hakuwaruhusu kuugusa mpira. Aliwafundisha kuzuia.

"Watu wote wanataka kupiga," alisema. "Kupiga ni hasira, na hasira kila mtu anayo. Kuzuia ni akili. Mzuiaji anasimama karibu na wavu, urefu wa mkono wake. Mikono iko mbele ya mabega, haining'inii kama ya mtu aliyechoka kulima. Akienda karibu, anakwenda ubavu. Akienda mbali, ataruhusiwa kuvusha mguu mmoja mbele ya mwingine, lakini kabla ya kuruka miguu yote miwili iwe imekutana na kutazama wavu. Anayeruka huku bado anakimbia ataangukia kwenye wavu, na wavu ukiguswa ni kosa. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa, mwalimu," walijibu, na wote wakaangukia kwenye wavu.

Osea peke yake hakuangukia. Aliteleza kutoka nguzo hii hadi ile kama droo ya meza inavyofungwa, magoti yamelegea, kiuno hakipandi wala hakishuki, akasimama, akaruka wima, akashuka palepale alipotoka. Mwalimu Fanueli alimtazama, akamwamuru arudie, kisha akamwita pembeni.

"Bwana Osea, mwendo huu umejifunza wapi?"

"Njia ya Chitete, mwalimu."

"Kuna timu huko?"

"Kuna mama mkwe."

Mwalimu Fanueli alikuwa amesoma, lakini alikuwa pia amezaliwa na mwanamke na kuoa binti wa mwanamke mwingine. Hakuuliza zaidi. Kilichobaki kumfundisha Osea kilikuwa macho, na hapo palikuwa na kazi. Osea alitazama chini. Mwalimu alimweleza kwamba mzuiaji hutazama mpira kwanza, kisha mtu anayeuinua, kisha mpira tena mpaka ajue unaelekea upande gani, kisha anauacha na kumtazama mpigaji peke yake: bega lake, mkono wake, mahali alipotokea.

"Mpira hauna nia," alisema mwalimu. "Mwenye nia ni mpigaji. Mwizi wa kuku humkamati kwa kumtazama kuku."

Osea alijifunza kuinua macho. Kwa majira mawili alizuia wapigaji wa Mbozi, wa Isoka ng'ambo ya mpaka, na wa timu moja ya askari waliokuwa wakipita, ambao walipiga kambi usiku mmoja na wakaondoka bila kuaga. Pembeni yake alisimama Osward, ambaye hakuwa na kipaji ila alikuwa na kifua kipana. Osward alishika nafasi ya ukingoni na kusimama pale alipoamini kwamba mpira utapita, na Osea akatoka katikati na kumfuata, bega likakutana na bega, mikono minne ikawa ukuta mmoja usio na upenyo. Mwalimu aliita jambo hilo kufunga mlango. Osward aliliita kufuatwa na mlango.

Mwaka 1955, kiangazi, timu ya Chitete ilialika timu ya Tunduma. Mpigaji wa Chitete alikuwa Yonasi, yule mlamu wake Osea, kijana mwenye mapaja ya mtu anayepanda milima na mdomo usiopumzika. Osea alipoambiwa habari ya safari alimtumia Yonasi ujumbe kwa mdomo wa Osward: je, inawezekana baada ya mchezo Leah amlete mtoto mpaka kwenye uzio wa shule, ili amwone kwa mbali?

Jibu lilirudi na Osward.

"Mlamu wako anasema utamwona mtoto ukishinda. Ukishindwa, utamwona yeye Yonasi, maana atakuja Tunduma kukucheka. Huo ni utani wake. Mama anasema neno lake ni lilelile."

"Mama mwenyewe atakuja kutazama?"

"Mama? Mama hajui hata mpira una umbo gani. Atakuwa shambani."

Osward alisema hivyo kwa nia njema, kama alivyofanya yote.

Uwanja wa Chitete ulikuwa wa vumbi jekundu, na wavu wake ulikuwa umeletwa kutoka Rukwa, ambako ulikuwa umestaafu kuvua samaki. Ulikuwa wa kimo cha sheria kwa juu, lakini chini uliishia kifuani mwa mtu, hivi kwamba mtu aliyeinama kidogo aliuona upande wa pili wote kuanzia miguuni mpaka kiunoni. Mwamuzi alikuwa Mwinjilisti Hezron, mdogo wake marehemu baba yake Leah. Kwa kuwa hapakuwa na ngazi, alisimama juu ya kinu kilichogeuzwa, akiwa na filimbi shingoni, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kinu ni cha Mama Ketrina, shemeji yake.

Mchezo ulianza vizuri kwa Tunduma. Osea aliinua macho kama alivyofundishwa, akamtazama Yonasi akija kwa kishindo, akaruka baada yake kidogo, maana mpira ulikuwa umeinuliwa mbali na wavu, na anayeruka mapema hushuka mpira unapofika. Mpira uligonga viganja vyake ukarudi miguuni mwa Yonasi.

"Mlamu," alisema Yonasi, akiuokota, "hujambo?"

"Sijambo, mlamu."

"Dada yangu anakusalimu. Anasema huko Tunduma siku hizi unapika mwenyewe, na ugali wako mbung'o wanaukataa."

Tunduma walishinda seti ya kwanza. Jua lilipozidi kugeuka, kivuli cha mti wa pembeni kilihama, na wanawake waliokuwa wamekaa kivulini wakahamisha mikeka yao kukifuata. Kivuli kilikuwa kimekwenda nyuma ya mstari wa mwisho wa upande wa Chitete. Osea alikuwa ameinama, akingoja mpira uanzishwe, macho yake yakipita chini ya wavu, alipoona kati ya miguu mingi mguu mmoja wa kushoto uliotazama nje, na juu ya kifundo chake kovu lenye umbo la mbegu ya boga.

Hapo Osea aliinamisha uso, na hakuuinua tena.

Jambo lililokuwa likimkabili si gumu kueleza. Akimtazama Yonasi usoni, Mama Ketrina angekuwa nyuma ya Yonasi, na macho yake na ya mama yangekutana mbele ya kijiji kizima, naye akiwa nusu uchi, anarukaruka, mikono juu. Njia ambayo haijafunguka isingefunguka tena, na Leah na Aida wangebaki Chitete. Asipomtazama Yonasi, asingemzuia.

Chitete walipata alama baada ya alama. Mwalimu Fanueli alisimama pembeni akapaza sauti:

"Osea! Macho juu!"

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi nini?"

"Kuna mtu."

Mwalimu aliangalia upande wa pili, akaona mikeka, akamwona mama mmoja wa makamo amekaa wima, kitambaa cheupe kichwani, mjukuu mgongoni mwa binti aliyeketi karibu naye. Akaelewa. Alivua kofia yake, akaifuta vumbi, akaivaa tena.

"Basi fanya unavyofanya njiani," alisema.

Seti ya pili ilikuwa imekwisha kupotea, lakini katika seti ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, Osea alizuia kwa kutazama miguu. Haikuwa kazi mpya kwake. Kwa miaka alikuwa ametambua, kwa nyayo mbili tu, mtu atapita kulia au kushoto, atasimama au ataendelea, ana haraka au amebeba mzigo. Yonasi alipokuja, Osea aliona hatua yake ya mwisho. Vidole vya mguu wa kushoto vikielekea wavuni moja kwa moja, mpira ulipigwa kufuata mstari wa pembeni. Mguu huo ukikatiza mbele ya mwingine, mpira ulikata uwanja. Visigino vikinyanyuka, Osea alingoja kidogo, akaruka, kidevu kifuani, mikono imenyooka mbele ya masikio, vidole vimetanuliwa, uso unatazama vumbi. Wageni waliodhani kwamba anasali walimheshimu.

"Mlamu!" alisema Yonasi baada ya mpira wa tatu kumrudia. "Huko chini unatafuta nini? Umeangusha sindano?"

"Natafuta adabu, mlamu."

"Ukiiona niokotee na yangu."

Lakini Yonasi hakuwa mjinga. Aligundua, akaanza kuidanganya miguu yake. Aliuelekeza mguu wa mbele mstarini, kisha akaupinda mkono na kukata uwanja, na mara mbili Osea na Osward waliruka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Osward alilalamika kwamba mlango umefungwa kwenye nyumba ya jirani. Osea alikumbuka kwamba Mama Ketrina naye, alipokuwa na hasira, aliwahi kujifanya anapita kulia ili amkute mkwewe upande wa kushoto. Vidole vilikuwa vimeelekea kulia kabisa, ila kisigino cha nyuma kilikuwa kimekwisha kugeuka. Vidole huweza kudanganya, kwa kuwa mwenyewe anaviona. Kisigino kiko nyuma yake, naye hukisahau. Osea aliacha vidole akatazama visigino, na mlango ukarudi kwenye nyumba yake.

Kwa sheria za wakati ule timu haikupata alama isipokuwa ndiyo iliyouanzisha mpira. Chitete walikuwa wamebakiwa na alama moja, na mpira ulikuwa mikononi mwao. Wakiipata hiyo, mchezo umekwisha. Wakiikosa, mpira unahamia Tunduma na mambo yanaendelea. Walianzisha. Tunduma waliurudisha vibaya. Mpira ukainuliwa juu, mrefu, kwa ajili ya Yonasi.

Osea alitoka katikati kwa ubavu, akavusha mguu mmoja, akaikutanisha miguu yote miwili kando ya ile ya Osward. Vidole vya Yonasi vilielekea mstarini. Kisigino chake kilielekea kwingine. Osea alinyoosha mikono upande wa kisigino. Alihisi mpira ukigonga viganja, akasikia kishindo cha pili kidogo, kisha kelele, kisha kimya.

Mpira ulikuwa umerudi upande wa Chitete, ukapita juu ya wachezaji wote, ukavuka mstari wa mwisho ukiwa bado hewani, ukaingia mikononi mwa Mama Ketrina. Alikuwa ameudaka kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto kutoka dirishani.

Mwinjilisti Hezron alipuliza filimbi, kisha akaiondoa mdomoni, kwa kuwa hakujua amepuliza kwa ajili ya nini.

Kama mpira ulikuwa umemgusa Yonasi ulipokuwa ukirudi, basi Chitete ndio walioutoa nje, na mchezo unaendelea. Kama haukumgusa, aliyeutoa ni Osea, na Chitete wameshinda. Hilo lilikuwa neno la kijitabu. Neno la pili lilisemwa na mwanamke mmoja mzee aliyekaa mkekani, naye hakusoma kijitabu.

"Ketrina," alisema, "umepokea kitu. Kimetoka mkononi mwa nani?"

Watu walipima. Kama mpira ulimgusa Yonasi, basi ulipita kwa mjumbe, kama jembe lilivyopita kwa dereva, na hakuna kilichofunguka. Kama haukumgusa, ulitoka mkononi mwa mkwe ukafika mkononi mwa mama.

"Ulimgusa!" alipaza sauti Osward. "Mwamuzi, ulimgusa, mimi nilisikia!"

Kisha akakumbuka, akamtazama Osea, akafunga mdomo. Watu wa Tunduma walisema kwamba hiyo ndiyo mara pekee waliyomwona akifunga mlango mwenyewe.

"Yonasi," alisema Mwinjilisti Hezron kutoka juu ya kinu, "ulikugusa?"

Yonasi alikuwa ameshika sikio lake la kulia kwa kiganja. Alimtazama mama yake, akamtazama dada yake aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni.

"Baba mdogo, vumbi lilikuwa jingi," alisema.

"Vumbi halikuulizwa. Osea, wewe uliona?"

"Sikuona, baba. Nilikuwa ninatazama chini."

"Hukuona hata kidogo?"

"Niliona visigino."

Mwinjilisti alishusha pumzi. Hapo Mama Ketrina aliinuka mkekani, mpira mikononi, na wachezaji wa Chitete wakampisha. Osea aliuona mguu wa kushoto uliotazama nje ukija kwa utaratibu kuvuka uwanja, na kwa mazoea alianza kusogea kando, ubavu, mpaka bega lake likagonga nguzo.

"Mpira huu," alisema Mama Ketrina, "nimeutazama tangu ulipotoka mkononi mwa mkwe wangu mpaka ulipofika mkononi mwangu. Haukumgusa mtu."

"Shemeji," alisema Mwinjilisti Hezron, "umeona vizuri? Maana wewe ni mama yake Yonasi, na neno lako linaipa ushindi timu ya Yonasi."

"Timu siijui. Nimesema nilichopokea na nilikopokea."

Mama Ketrina alikuwa mshiriki wa kanisa tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Kwa sababu hiyo mpira haukumgusa Yonasi. Mwinjilisti aliinua mkono upande wa Chitete, na mchezo ukaisha.

Mwalimu Fanueli alikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa kijitabu kilikuwa mfukoni mwake na kilimruhusu. Alikitoa, akakifungua, akakifunga.

"Mwamuzi amesema," aliwaambia wachezaji wake.

Mama Ketrina alifika kwenye wavu. Osea aliliona kovu karibu kuliko alivyowahi kuliona.

"Inua uso," alisema mama. "Shingo itakuuma."

Osea aliinua uso. Mama Ketrina alikuwa mwanamke wa kawaida, mwenye paji pana na meno mazuri, anayefanana sana na Leah. Alimpitishia mpira chini ya wavu, naye akaupokea kwa mikono miwili.

"Mtoto wako amekwisha anza kusimama," alisema mama. "Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Kazi gani isiyokwisha?" Kisha akamtazama Osward. "Na wewe mkwe wa jembe, usisimame hapo kama umefiwa. Jembe lako bado linalima. Njoo nawe ule."

Walikula jioni hiyo nyumbani kwake, ugali wa ulezi na kuku. Mama Ketrina alimkabidhi Osea bakuli la mchuzi mkono kwa mkono, na Aida, aliyewekwa mapajani mwa baba yake bila maelezo, alimkagua pua kwa muda, kisha akalia akitaka kurudi kwa Osward. Leah alicheka mpaka akatoka nje. Yonasi alikula kwa mkono wa kulia na kuegemea kiganja cha kushoto kilichofunika sikio, ingawa sikio lenyewe ni la kulia, na mtu anayekula namna hiyo hupata shida.

"Mlamu," Osea alimwuliza, "sikio lina nini?"

"Nyuki," alijibu Yonasi.

"Nyuki wa kiangazi wana sumu sana," alisema Mama Ketrina, akamwongezea mchuzi.

Leah alirudi Tunduma na Aida katika lori la Osward. Wachezaji wa Tunduma waliwasaidia kupakia mizigo, lakini njiani hawakumsemesha Osea mpaka Ndalambo, na baadhi yao hawakumsemesha mpaka msimu uliofuata. Alizuia kwa miaka mingine kadhaa, na Mwalimu Fanueli alipowafundisha vijana wapya aliongeza katika somo lake habari ya visigino, bila kueleza alikoipata.

Mama Ketrina alikuja Tunduma mara nyingi kumtazama mjukuu. Osea alimpokea barabarani, akamsalimu kwa sauti, akamtazama usoni kama mtu aliyeruhusiwa. Lakini miguu ilikuwa imejifunza mapema kuliko macho. Kila alipomwona kwa mbali anakuja, kabla hajafikiri lolote, ilikuwa imekwisha kumtoa njiani na kumweka majanini, ubavu, magoti yamelegea, na mama mkwe wake akasimama kumngoja arudi.

"Njia imefunguka, baba," alimwambia kila mara. "Rudi tu."